Kujenga kuna wiki, kubomoa kuna usiku mmoja: safari ya kulipa deni la fundi Kibiti

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, nikiwa nakagua daftari la hesabu la mwanangu. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Ile kazi ya kubomoa banda hatujalipwa. Vijana wananidai."

Ulitoka kwa fundi aliyetujengea banda letu la Saba Saba. Maonesho yalifungwa Julai. Nane Nane nayo ilishapita. Mwezi mzima na zaidi mtu yule alikuwa kimya, akidhani labda nimesahau na nitakumbuka.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa naamini nimelipa. Tulikuwa wanawake wanne, tumechanga tukapata eneo dogo la wazi la kuuzia mafuta ya nazi, viungo na mikoba ya ukili. Dalali mmoja alituletea fundi kutoka Kibiti, tukamkabidhi dalali pesa yote, tukaendelea na yetu. Usiku ule nikampigia. Wala hakugombana nami. Alisema tu, "Mama, soma karatasi yako."

Nikaisoma. Karatasi niliiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: "Kujenga banda la mita tatu kwa tatu, miti na turubai, na mapambo ya makuti mbele." Neno kubomoa halikuwemo. Jioni ya kufunga nilipakia katoni zangu kwenye bajaji nikarudi nyumbani kwa watoto. Nilipopita kesho yake kufuata ndoo niliyoiacha, eneo lilikuwa tupu na limefagiwa. Sikujiuliza nani kalifagia.

Nusu ya deni niliituma kwa simu usiku ule ule. Nusu ya pili niliamua kuipeleka mwenyewe. Nilikuwa na shida ya mafuta ya nazi upande ule, hilo ni kweli. Ila kilichonipeleka hasa ni aibu, na aibu haitumwi kwa simu.

Barabara ile ile

Jumamosi moja ya Septemba, siku chache baada ya watoto wa darasa la saba kumaliza mtihani wao, nilipanda daladala Temeke kwenda Mbagala Rangi Tatu. Tukapita mbele ya Viwanja vya Mwalimu Julius K. Nyerere, ambavyo wengi tunaviita tu Saba Saba. Mwaka 2025 maonesho yalifanyika pale kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai. Sasa geti lilikuwa kimya.

Viwanja vile viko Barabara ya Kilwa, na Kibiti pia iko Barabara ya Kilwa. Ukitoka getini ukaifuata lami hiyo kuelekea kusini bila kukata kona, unapita Mbagala, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani na Bungu, kisha unaingia Kibiti. Ni kama kilomita 140 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Miaka yote nimekwenda Saba Saba, tangu nikiwa mtoto niliyeshikwa mkono na baba, sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao barabara hiyo huwaleta wakiwa wamekaa juu ya miti ndani ya lori.

Baada ya Vikindu nyumba zinapungua. Mkuranga kuna mafungu ya mananasi barabarani, kisha minazi na mikorosho inakufuata pande zote mbili. Kibiti ni mji wa barabarani. Abiria wa Lindi na Mtwara hushuka kunyoosha miguu, wakanunua korosho na kupanda tena. Zamani eneo hili lote lilikuwa Wilaya ya Rufiji, na katikati ya muongo uliopita Kibiti ikawa wilaya yake yenyewe. Wanaoteremka hapa kwa safari yao hasa ni wenyeji, na mimi nikiwa na bahasha yangu.

Fundi alinipokea stendi. Ni mtu mfupi, mwenye mikono mipana, na anaongea huku akitazama unachokalia kama kimekaa sawa. "Karibu mama. Nilidhani unatania." Ameniomba nisimtaje jina, kwa kuwa bado anapata kazi kwa madalali.

Banda husimama mara mbili

Nyuma ya nyumba yake nilikuta kitu ambacho sikukitegemea: banda letu. Lilikuwa limelala chini ya turubai, limefungwa mafungu matano kwa kamba, kila mti una namba ya rangi nyekundu mwishoni.

"Banda linajengwa hapa," alisema. "Dar linakwenda kusimama tu."

Hapo ndipo nilianza kuielewa kazi niliyodhani nimeinunua. Kwanza fundi huenda kuliona eneo: jua linapigia wapi mchana, maji ya mvua yatapita wapi, umeme uko umbali gani, na chini ni udongo au zege. Kisha hurudi Kibiti akakata na kutoboa kila kitu. Huusimamisha mzigo wote uani kwake, akaona kama mlango unakaa sawa na kama paa linamwaga maji nyuma, halafu akaufumua, akaupiga namba na kuufunga. Ndiyo kusema banda letu lilisimamishwa mara mbili na kubomolewa mara mbili. Mimi niliona mara moja, na nikalipia mara moja.

Halafu kuna mzigo wenyewe. Lori, na makaratasi ya kusafirisha mazao ya misitu. Siku hizi hatumii miti ya mikoko. Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi, na huwezi kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Yeye hununua mirunda ya mikaratusi na mbao za paini zenye risiti, akazitunza na kuzitumia msimu baada ya msimu. Makuti hununua kwa wasukaji wa jirani.

Viwanjani nako kuna mengine. Pale penye zege huwezi kuchimba shimo la nguzo, kwa hiyo husimika nguzo kwenye madebe aliyoyajaza zege nyumbani. Kubeba madebe yale kutoka lori lilipoishia hadi kwenye eneo ndiyo kazi ya kwanza ya vijana, na ndiyo inayovunja migongo. Umeme hafungi yeye, hufunga fundi umeme mwenye leseni. Maonesho yakishaanza, kazi haijaisha: upepo wa kusi ukivuma usiku turubai hulegea, na ni yeye anayeamka kulikaza.

Nilimuuliza wanalala wapi siku zote hizo. "Siku za mwanzo tunalala chini ya turubai la mzigo. Likishasimama banda la mtu, hatuwezi kulala humo, lina mali yake."

Watu waliozoea kusimamisha na kuondoa

Mchana ule alinichukua kwa pikipiki hadi Nyamisati, ambako watu hupandia boti za kwenda Mafia. Tukangoja maji yajae, tukaingia kwenye boti ndogo ya mashine kwenda kwa wazazi wake, kijiji kimoja cha ndani ya delta.

Rufiji ukifika karibu na bahari haubaki mto mmoja. Unagawanyika matawi na vijito, na kila kijito kina ukuta wa mikoko: mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu, msinzi, mlilana unaosimama mbele kabisa majini. Ni moja ya misitu mikubwa ya mikoko Afrika Mashariki, na tangu 2004 delta hii, pamoja na Mafia na Kilwa, imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Boti ikizima mashine, unasikia matope yakipumua na kaa wakitembea.

Baba yake fundi tulimkuta barazani akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye mama wa banda?"

Kumbe habari zangu zilishafika. Mzee hakunisuta. Alinionesha shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, lenye vibanda virefu vya miguu ya miti. "Hilo ni dungu," alisema.

Watu wa Rufiji wamejenga madungu kwa vizazi. Mpunga ukikaribia kukomaa, familia huhamia shambani kulinda ndege, nyani, nguruwe na viboko, na hukaa juu ya dungu ili maji na wanyama wapite chini. Mavuno yakiisha, watu hurudi kijijini. Wavuvi nao wana dago, yaani kambi ya muda kisiwani au ufukweni kwa msimu wa samaki fulani: unajenga, unakaa, unafungua, unaondoka. Mzee alikwenda dago tangu akiwa kijana mdogo. Alimfundisha mwanawe fundo za kamba ambazo hukaza kwa uzito na kufunguka kwa vidole viwili. Fundo zile ndizo zilizoshika paa la banda letu Temeke.

"Dago letu sisi," mzee alisema, "aliyebaki kufungua kambi alihesabiwa fungu lake sawasawa na aliyevua. Maana kamba na miti ukiviacha, mwaka ujao unaanza na nini?"

Na delta hii imesimamisha majumba ya watu kwa muda mrefu kuliko Saba Saba. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka pwani hii, delta ya Rufiji ikiwa moja ya vyanzo vikubwa, kwenda Unguja na hadi nchi za Ghuba zisizo na miti ya kujengea. Miti ilipangwa kwa unene na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ukiingia nyumba za kale za mawe utaona vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Wenye nyumba wanajulikana majina hadi leo. Waliosimama matopeni wakakata boriti hizo hawakuandikwa mahali.

Hata vita vya wageni viliacha kazi ya kubomoa hapa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta hii mwaka 1914, na 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na meli za Waingereza, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Baadaye mizinga yake mikubwa 10 ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kutumika katika vita vya nchi kavu. Jina la nahodha, Max Looff, lipo vitabuni. Majina ya waliokokota mizinga ile kutoka kwenye matope hayo sijayaona popote.

Usiku wa kubomoa

Tulirudi Kibiti na maji ya jioni. Mke wa fundi alikuwa amepika wali wa nazi na kamba. Tulipokwisha kula ndipo nikatoa bahasha: shilingi 60,000, nusu iliyobaki ya deni la 120,000. Fundi alihesabu mbele yangu, akatenga fungu la kila kijana, kisha akanisimulia usiku ule.

"Kujenga kuna wiki," alisema. "Kubomoa kuna usiku mmoja."

Wakati wa kujenga, kila mtu yupo. Mwenye banda anapita na maji ya kunywa, anauliza utamaliza lini. Ana hofu ya siku ya ufunguzi. Fundi akiweka nyundo chini, pesa inapatikana. Lakini maonesho yakifungwa, mwenye banda amechoka, amekwisha kuuza au amekata tamaa, anataka kulala kwake. Malori yote yanataka kuingia kwa wakati mmoja. Taa zinaanza kuzimwa. Na fundi hana tena cha kumtishia mtu. Nguvu yake yote ilikuwa kabla ya utepe kukatwa.

"Sasa kwa nini ulibomoa kabla ya kulipwa?" nilimuuliza.

"Miti ni yangu mama. Nikiiacha, nitaikuta wapi? Tena Morogoro walikuwa wananisubiri." Maana mafundi kama yeye hutoka Saba Saba wakaenda moja kwa moja kwenye Nane Nane. Mkoa wa Pwani uko Kanda ya Mashariki pamoja na Dar es Salaam, Morogoro na Tanga, na maonesho yao ya wakulima hufanyika Morogoro mwanzoni mwa Agosti. Siku ya kuchelewa Temeke ni siku ya kazi iliyopotea Morogoro.

Hilo dalali analijua. Alipoulizwa na vijana, alijibu kwamba miti ni ya fundi, angeiacha? Ni hoja yenye ncha, lakini ina tundu. Eneo tulilikodi sisi, na kulirudisha likiwa safi lilikuwa jukumu letu sisi. Fundi alifanya kazi yetu kwa sababu alitaka kuokoa mali yake, nasi tukauchukua uharaka wake tukaufanya bure.

Kubomoa nako kuna mpangilio, na mpangilio huo ndio unaolinda mikono na miguu. Umeme unakatwa kwanza, na anaukata fundi umeme. Yanafuata mapambo, turubai, paa, kuta, na nguzo zinatoka mwisho. Kila msumari unaotoka unang'olewa au kupigwa ukalala hapo hapo, hausubiri. Usiku wa haraka ndipo watu hung'oa nguzo paa likiwa bado juu. Mpwa wa fundi alikanyaga msumari misimu miwili iliyopita, ukapita kwenye ndala. Walikwenda naye kituo cha afya akachomwa sindano ya pepopunda. Gharama alilipa mjomba wake.

Mke wa fundi alikuwa kimya muda wote huo, akikusanya sahani. Kisha akasema, bila ukali, "Dada, Juni na Julai mimi ndiye mama na ndiye baba."

Huo ndio msimu wa mavuno ya mpunga. Mume akiwa Temeke, yeye yuko shambani na watoto, na shule zikifunguliwa Julai lazima wawahi kurudi. Mwaka huu aliita watu wawili wamsaidie kuvuna, akawalipa kwa mpunga. Aliuhesabu kwa vidole: magunia yaliyotoka, posho ya mume iliyotumwa, nauli. "Ile pesa ya kubomoa," alisema, "ndiyo ilikuwa ya sare ya huyu." Akaonesha kwa kidevu binti yao mkubwa, aliyemaliza darasa la saba wiki ile, anayesubiri matokeo na kidato cha kwanza Januari.

Sikuwa na la kujibu. Shilingi 120,000 kwetu sisi wanne ilikuwa 30,000 kila mtu. Tungeitoa bila kuisikia.

Sheria inasemaje

Niliporudi Dar niliisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa sababu nilitaka kujua kama nina deni la adabu tu au pia la sheria.

Sheria inatambua mkataba wa kazi maalumu, yaani kazi yenye mwanzo na mwisho unaojulikana. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi ni ipi, mahali, muda, saa na malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Siku ya sikukuu ya kitaifa, na 7 Julai na 8 Agosti ni sikukuu, kila saa hulipwa mara mbili.

Kuna kifungu kimoja kilichonigusa zaidi. Mkataba ukiishia mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kumrudisha na mizigo yake, au kumlipia usafiri. Vijana wale waliitwa kutoka Kibiti. Nauli yao ya kurudi walijilipia.

Na kuhusu watoto wetu: wa chini ya miaka 14 haajiriwi, na wa chini ya miaka 18 hapelekwi kwenye kazi ya hatari. Mabanda hujengwa Juni, wakati shule zimefungwa, na kijana wa kidato cha pili huonekana ana nguvu za bure. Kubeba zege na kupanda paa usiku si kazi za kumpeleka.

Ila tusidanganyane. Fundi anayechukua kazi kwa mkupuo, na vifaa vyake, anaweza kuhesabiwa mkandarasi na si mwajiriwa, na sehemu kubwa ya ulinzi huo ikampita. Vijana anaowachukua nao wanakuwa wake, si wako. Kwa mtu wa namna hiyo kinga ya kwanza ni yale mliyoyaandika.

Wenzetu huko Marekani, kwenye kumbi kubwa kama McCormick Place ya Chicago, kazi hii ina vyama vya maseremala, mafundi umeme na wabeba mizigo, na masharti yalikuwa makali hata mwaka 2010 sheria ya jimbo la Illinois ikayalegeza kidogo ili mwenye banda afanye baadhi ya kazi mwenyewe. Waonyeshaji wamelalamikia gharama zao kwa miaka. Lakini kuna jambo moja wamelipatia: kusimika na kubomoa hutajwa kwa pumzi moja, kama kazi moja yenye bei yake.

Mzazi, kabla hujamwita fundi

Huenda huna mpango wa Saba Saba. Lakini umewahi kukodi turubai la shughuli ya mwanao, jukwaa la mahafali, viti vya msiba. Kuna mtu alikuja kuvichukua usiku ulipokuwa umelala. Haya ndiyo niliyojifunza kwa aibu yangu.

Andika maneno mawili, kujenga na kubomoa, na kila moja uliwekee kiasi chake. Fedha ya kubomoa iweke pembeni siku unayolipa ya kujenga, wakati bado unayo, maana siku ya kufunga utakuwa umeshaitumia. Ukimtumia dalali, muulize mbele ya fundi kila mmoja anapata nini.

Uliza wanalala wapi na wanarudije. Uliza nani anagharamia mtu akiumia, na kama vijana wana viatu vilivyofunika mguu. Usiku wa kubomoa kaa saa moja, hata kama umechoka. Utashangaa mambo yanavyokwenda vizuri mwenye mali akiwepo na birika la chai.

Na kama ni mumeo au mwanao anayekwenda, mwambie asiondoke nyumbani bila kujua siku ya mwisho italipwa na nani.

Karatasi mpya

Usiku ule Kibiti, kabla sijalala, tuliandika karatasi ya msimu ujao pale pale barazani. Mimi mwandiko wangu umeshaniponza, kwa hiyo kalamu tulimpa binti. Aliandika polepole, kwa herufi za mtu aliyetoka kwenye mtihani. Kujenga, kiasi. Kubomoa na kufagia eneo, kiasi. Akainua macho.

"Na nauli ya kurudi, baba?"

Fundi alinitazama mimi. Nikasema andika.

"Ya watu watatu," mama yake aliongeza kutoka jikoni.

Akaandika: ya watu watatu. Asubuhi nilipanda basi la kurudi na ndoo mbili za mafuta ya nazi, na nakala ya karatasi ile ndani ya mkoba. Tulipopita mbele ya geti la Saba Saba, mlinzi alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake uwanja mpana umefagiwa.